Uliza Kwanza Waliishije

Katika kanda ya mwisho iliyorekodiwa Jonestown, nchini Guyana, tarehe 18 Novemba 1978, inasikika sauti ya mwanamke akibishana na kiongozi wake. Mwanamke huyo ni Christine Miller. Mchungaji Jim Jones ameshawatangazia waumini kwamba saa ya kufa imefika. Christine anauliza kama bado kuna njia ya kuhamia Umoja wa Kisovieti. Anasema watoto wachanga wanastahili kuishi, na kwamba kila mtu ana haki ya kuamua hatima yake mwenyewe. Wenzake wanampigia kelele mpaka ananyamaza. Muda mfupi baadaye naye yumo miongoni mwa watu 909 waliokufa katika makazi yale.

Kanda hiyo ya dakika 45 hivi ilifika mikononi mwa wapelelezi wa FBI mapema. Hata hivyo simulizi iliyozunguka dunia ilikuwa moja: kundi la watu wasio na akili lilikunywa sumu bila kuuliza. Aliyekwisha kuimeza simulizi hiyo anaweza kuisikiliza kanda yote mwanzo hadi mwisho, na Christine Miller asimwingie masikioni. Hukumu ya mapema humnyima mtafiti ushahidi ulio mbele yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaichukulia huruma kama sehemu ya kazi yenyewe ya utafiti, sawa na kusoma hati au kuhakiki tarehe.

Haja ya kazi hii imekuwa kubwa Afrika Mashariki tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kuwatoa wafuasi wa mchungaji Paul Mackenzie waliodhoofika kwa njaa, kisha miili, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwandishi wa habari, mchungaji anayetaka kulielewa kundi lililowachukua waumini wake, ndugu anayetaka kujua dada yake alifikaje kule: wote wanahitaji kujua pa kuanzia.

Anza mbali na siku ya maafa

Chukua daftari, chora mstari wa miaka, na uuanze kabla kiongozi hajajulikana. Kwa kanisa la Jones, Peoples Temple, mstari unaanzia Indianapolis, katikati ya miaka ya 1950, wakati makanisa mengi ya Marekani yalikuwa bado ya Weupe peke yao au ya Weusi peke yao. Jones alifungua kanisa ambamo wote walikaa benchi moja. Lilipika chakula kwa wasio nacho na kutunza wazee. Mwaka 1961 aliteuliwa kuongoza tume ya haki za binadamu ya jiji hilo. Mwaka 1965 alihamia Redwood Valley, California, pamoja na wafuasi wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kanisa likawa na matawi makubwa San Francisco na Los Angeles. Lilikuwa na nyumba za wazee, mabweni ya vijana wanaosoma chuo, msaada kwa waraibu wa dawa za kulevya, na watu wa kumsindikiza bibi kizee hadi ofisi ya serikali asihangaishwe.

Sasa mfikirie mwanamke Mweusi wa miaka 65. Alizaliwa Kusini mwa Marekani chini ya sheria za ubaguzi, akahamia California kutafuta kazi, akazeekea katika mtaa ambao nyumba zake zilikuwa zinabomolewa kupisha mipango miji. Alipoingia mle kanisani alipata nini? Andika kila jibu unaloweza kulithibitisha: chakula, wenzake, daktari, heshima, wimbo, kazi ya kufanya. Karibu theluthi mbili ya waliokufa Jonestown, au zaidi kidogo, walikuwa Wamarekani Weusi, na wanawake Weusi walikuwa wengi kuliko kundi jingine lolote. Mtafiti asiyejiuliza swali hili ataandika kurasa 300 kuhusu mwanamume mmoja mwenye miwani myeusi, na kuwaacha waliolijenga kanisa hilo kwa mishahara na pensheni zao.

Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako waumini waliteketea kwa moto mwaka 2000, kunahitaji mstari mrefu vilevile. Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu lilikua katika miaka ya 1990, kwenye eneo la Wakatoliki wengi lililoelemewa na UKIMWI. Habari za Bikira Maria kuwatokea wasichana wa Kibeho, Rwanda, zilikuwa zimeanza kuenea tangu 1981. Credonia Mwerinde, mmoja wa waanzilishi wa vuguvugu hilo, aliposema naye ameona maono, alikuwa anazungumza na watu waliokwisha kusikia jambo la namna hiyo na waliokuwa wanazika jamaa zao. Mwanaanthropolojia Richard Vokes, katika kitabu chake *Ghosts of Kanungu* cha mwaka 2009, alirudi nyuma zaidi, hadi kwenye ibada za kale za Nyabingi katika ukanda huo. Kuna jambo jingine la kujifunza hapo. Magazeti ya mwanzo yalimweka mbele Joseph Kibwetere kama kiongozi mkuu kwa kuwa alikuwa mwanamume mwenye jina na mali; waliochunguza kwa karibu walikuta nguvu kubwa ilikuwa kwa Mwerinde. Usimpe mtu uongozi kwa sababu tu anafanana na kiongozi uliyemtarajia.

Na Shakahola? Waliokwenda huko walitoka pembe nyingi za Kenya, na baadhi yao walikuwa na elimu na ajira. Waligawiwa au kuuziwa vipande vya ardhi katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia, kama Bethlehemu na Yudea. Kabla ya kuandika kwamba walidanganywa, uliza ardhi ilikuwa na maana gani kwa kila familia. Aliyekuwa mpangaji maisha yake yote hakuisikia ahadi hiyo kama alivyoisikia aliyeacha nyumba yake mwenyewe mjini.

Hati, kanda na kilichobaki

FBI walikusanya kanda karibu 1,000 Jonestown. Watu wengi husikiliza moja tu, ile ya siku ya mwisho. Nyingine zina mahubiri, kwaya, mikutano ya shamba, Jones akisoma habari za dunia kwa namna yake, watu wakishtakiana kwa makosa madogo. Nyingi kati yake zimenukuliwa kwa maandishi katika kazi iliyoanzishwa na Rebecca Moore na mumewe Fielding McGehee, na hifadhi yao imekuwa ikitunzwa na San Diego State University. Moore ni mwanazuoni wa dini. Pia ni dada wa wanawake wawili waliokufa Jonestown, na alimpoteza mpwa wake huko. Miaka mingi ya kazi yake inaonyesha kwamba mfiwa anaweza kuwa mtafiti makini, mradi aseme wazi ana uhusiano gani na anachokitafiti.

Zipe kanda za kawaida muda mwingi kuliko ile ya siku ya mwisho. Humo ndimo utakapokuta lugha ya kundi ilivyobadilika mwezi hadi mwezi: lini adui wa nje alianza kutajwa kila siku, lini mazoezi ya kufa yaliyoitwa usiku mweupe yalianza kuzoeleka, nani aliacha kusikika. Kando ya kila chanzo andika nani alisema, kwa nani, na angepata nini au angepoteza nini kwa kusema vile. Barua ya muumini wa Jonestown kwenda kwa Jones, ikimwita Baba na kujilaumu kwa uvivu, haithibitishi kwamba mwandishi wake aliamini kila neno. Iliandikwa kwa mtu aliyeshika pasipoti yake. Hotuba ya mchungaji iliyorekodiwa kwa televisheni inathibitisha kilichohubiriwa. Kilichosikiwa na mama aliyekaa safu ya nyuma na mtoto mgonjwa mapajani utakipata kwake mwenyewe, au kwa aliyekaa naye.

Kanungu ina shida nyingine kabisa. Tarehe 17 Machi 2000 moto uliteketeza jengo la ibada na waliokuwa ndani. Waumini walikuwa wameishi kwa kanuni ya ukimya, wakiwasiliana kwa ishara, kwa hiyo hata jirani hakuwa na mazungumzo mengi ya kukumbuka. Viongozi hawakufikishwa mahakamani, na bila kesi hakuna ushahidi uliohojiwa chini ya kiapo. Mtafiti wa Kanungu hutegemea mabaki: karatasi za usajili wa vuguvugu, kitabu cha ujumbe walichokichapisha wenyewe, mapadri waliomfahamu Dominic Kataribabo, kiongozi mwingine wa vuguvugu, alipokuwa padri mwenzao, wenye maduka waliowauzia bidhaa, na jamaa waliojitoa mapema. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ilitoa ripoti mwaka 2002, na wanazuoni wa dini wa Makerere walishaanza kuandika mwaka uleule wa moto. Anza na hizo, kisha nenda kwa watu.

Kuhusu Shakahola kuna wingi wa karatasi za serikali: ripoti ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, mienendo ya kesi katika mahakama za Malindi, Shanzu na Mombasa, taarifa za wapasuaji maiti. Wingi huo una hatari yake. Zote zinauliza nani ana kosa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, na mtafiti aliyezisoma peke yake huanza kufikiri kama hati ya mashtaka.

Jihadhari pia na hesabu. Taarifa za kwanza kutoka Jonestown zilitaja maiti karibu 400, na kwa siku kadhaa watu waliamini mamia wengine wamekimbilia msituni. Walikuwa pale pale, miili ya watoto ikiwa chini ya miili ya watu wazima. Hesabu ya mwisho ni 909 makazini, watano waliopigwa risasi kwenye uwanja wa ndege wa Port Kaituma, akiwemo mbunge Leo Ryan wa Marekani, na wanne waliokufa Georgetown, mji mkuu wa Guyana: jumla 918. Kanungu idadi ya waliokufa motoni ilibishaniwa, na baadaye makaburi ya halaiki yaligunduliwa kwenye viwanja vingine vya kundi hilo hadi jumla iliyotajwa ikapita 700. Shakahola miili iliyofukuliwa ilipita 400 kufikia katikati ya 2023. Kila unapoandika namba, iandike pamoja na tarehe yake na aliyeitoa. Namba isiyo na tarehe itakuletea ugomvi na mfiwa, na mfiwa ndiye atakuwa na haki.

Walijiua au waliuawa?

Swali hili litakujia mapema, na kila upande utataka ujibu kwa neno moja. Usikubali. Gawa watu kulingana na hali zao.

Jonestown kulikuwa na watoto karibu 300. Wengi wao walinyweshwa sumu kabla ya wakubwa, baadhi kwa bomba la sindano mdomoni. Mtoto wa miaka miwili hajiui. Kulikuwa na wazee wasioweza kutembea peke yao, na kulikuwa na walinzi wenye silaha. Dakta Leslie Mootoo, mpasuaji maiti wa Guyana aliyefika mapema, aliripoti alama za sindano kwenye baadhi ya miili aliyoichunguza. Wapo pia waliosimama wakamshukuru Jones kwenye kipaza sauti na kuijongelea sumu kwa miguu yao. Na wapo waliokataa kwa vitendo. Asubuhi ileile watu 11 waliondoka kimya kimya wakapita msituni hadi Matthews Ridge. Mmoja wao, Leslie Wagner-Wilson, alikuwa amembeba mwanawe mgongoni, na baadaye aliandika kitabu kuhusu safari hiyo. Bi mzee Hyacinth Thrash alikuwa amelala chumbani kwake, na alipoamka alikuta ameachwa hai. Mtafiti anayetumia neno moja kwa watu wote hawa anawafuta wengi wao.

Shakahola, uchunguzi ulioongozwa na mpasuaji maiti mkuu wa serikali, Johansen Oduor, ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini miili mingine, ya watoto ikiwemo, ilikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa. Paul Mackenzie na washtakiwa wenzake walifunguliwa mashtaka ya mauaji, kuua bila kukusudia, ugaidi na ukatili dhidi ya watoto, wakayakana. Andika hivyo hivyo: nani anashtakiwa kwa kosa gani, na alijibu nini. Utafiti wenye huruma hautangulii mahakama, na wala hauoni haya kutaja kilichokutwa kwenye mwili wa mtoto.

Ukienda kwa mwenye msiba

Hapa ndipo watafiti wengi huharibu kazi, na mara nyingi huiharibu katika swali la kwanza. "Kwa nini hukuondoka?" Aliyenusurika ameulizwa hivyo na polisi, na ndugu, na majirani, na amejiuliza mwenyewe usiku. Swali hilo lina hukumu ndani yake: kwamba kuondoka kulikuwa rahisi na yeye alishindwa. Mwulize badala yake siku ilikuwaje. Aliamka saa ngapi, alikula nini, nani aliweka fedha, alipougua alimwambia nani, njia ya kutoka ilikuwa wapi na nani alikaa njiani. Katika majibu hayo utaona mwenyewe kwa nini hakuondoka, bila kumlazimisha ajitetee.

Kabla ya swali lolote kuna adabu. Pwani na bara, mwenye msiba hupewa pole kwanza, na pole haina haraka. Pita kwa mtu anayeaminika na familia: mzee wa kijiji, shangazi, mchungaji wa kanisa la jirani, mshauri nasaha aliyekwisha kuwahudumia. Mwite mtu kama anavyoitwa kwao, Mama fulani, Baba fulani, na umwache achague mahali pa kukaa na nani akae naye. Ikiwa ni Mgiriama, Mluo au Mluhya na angependa kusimulia kwa lugha yake, tafuta mkalimani ambaye si jamaa na si muumini wa kundi. Ziara ya kwanza iende bila kinasa sauti. Ikiwa hutarudi tena, afadhali usianze.

Fahamu kwamba kuna familia ambazo bado hazijapata mwili. Miili ya kwanza ya Shakahola ilikabidhiwa kwa jamaa mjini Malindi mwishoni mwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa, kwa sababu ilibidi vipimo vya DNA vilinganishwe. Mama ambaye ametoa sampuli ya damu na anasubiri simu hayuko katika hali ya kuchambua mafundisho ya mchungaji. Mpe habari anayoihitaji kama unayo, mathalani ofisi ya kuulizia, na umwachie nafasi. Usiahidi kwamba utafiti wako utamletea fidia au mwili. Nauli na chakula cha siku hiyo mlipe bila kumfanya aone kwamba ananunuliwa maneno.

Watoto waliookolewa usiwahoji. Faili zao zipo kwa maofisa wa ustawi na mahakama. Kinachoruhusiwa kusomwa kisome huko. Mashahidi wanaolindwa usiwatafute. Na kabla ya yote haya pata kibali: Kenya ni leseni ya NACOSTI, Tanzania ni COSTECH, Uganda ni UNCST, pamoja na idhini ya kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako. Ridhaa ya anayehojiwa iombwe tena kila ziara, kwa sababu mtu aliyekubali Januari anaweza kujuta Machi, na ana haki ya kuyaondoa maneno yake.

Wapo watakaokuambia bado wanaamini. Hapo huruma hujaribiwa kweli. Juni 2023, watu 65 waliookolewa Shakahola walifikishwa mahakamani Shanzu, upande wa mashtaka ukidai kwamba kukataa kwao chakula kulikuwa jaribio la kujiua. Watu waliokuwa wametolewa msituni mifupa mitupu wakasimama kizimbani. Watetezi wa haki za binadamu walilalamika, na wakalalamika kwa haki: mwenye kuhitaji daktari na mshauri alipewa hakimu. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka katiba. Mtafiti atakayekaa na mmoja wa watu hawa asije kumrekebisha imani, wala asijifanye anaiamini ili apate maneno. Amwambie wazi: "Mimi siamini hivyo, lakini nataka nielewe wewe unavyoelewa." Sentensi hiyo hufungua milango mingi kuliko kujipendekeza.

Jifunze teolojia yao pia, ukiwa na Biblia yao mkononi na mistari waliyoipigia kistari. Mwaka 1993 huko Waco, Texas, maofisa wa FBI walilizingira kundi la Branch Davidian kwa siku 51. Kiongozi wao, David Koresh, alikuwa anazungumza kuhusu mihuri saba ya Kitabu cha Ufunuo, na wapatanishi wengi walichukulia maneno hayo kuwa porojo za Biblia. Wanazuoni wawili wa dini, James Tabor na Phillip Arnold, waliona kwamba ndani ya porojo hizo kulikuwa na njia ya kumtoa, wakajadili Ufunuo redioni ili asikie. Katikati ya Aprili Koresh aliandika kwamba atatoka akimaliza kuandika maelezo ya mihuri hiyo. Tarehe 19 Aprili vifaru viliingia na gesi, moto ukawaka, na zaidi ya watu 70 walikufa, wakiwemo watoto zaidi ya 20. Kama angetimiza ahadi yake ni jambo linalobishaniwa hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba wachache sana waliokuwa pale nje waliweza kusoma alichokuwa anakisema.

Huruma haifuti lawama

Msomaji mwenye uchungu atauliza: je, tumwonee huruma na aliyeua? Mtafiti anaweza kumweleza kiongozi kwa undani, utoto wake, ulevi wake wa sifa, dawa alizotumia Jones katika miaka yake ya mwisho, bila kumpunguzia hata chembe ya wajibu. Kumweleza mtu na kumwachilia ni mambo mawili.

Tena ukiacha kuwacheka wafuasi, macho yako yanapata nafasi ya kuwatazama wenye mamlaka. Jim Jones hakujificha. Mwaka 1976 aliteuliwa na Meya George Moscone katika mamlaka ya nyumba ya San Francisco, akawa mwenyekiti wake, na wanasiasa walitaka kura na watu aliokuwa anawaleta mikutanoni. Agosti 1977 jarida la *New West* lilichapisha ushuhuda wa waliojitoa, na kipindi hichohicho mamia ya waumini wakahamishiwa Guyana. Ndugu waliobaki waliandika barua, wakaenda kwa wanasheria, wakaomba serikali ichunguze, kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kilifi kuna mkondo unaofanana na huo. Mackenzie alikamatwa na kushtakiwa zaidi ya mara moja tangu 2017, kanisa lake la Malindi lilifungwa 2019, na Machi 2023 alikamatwa tena kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Makaburi yalianza kufukuliwa mwezi uliofuata. Seneti na Tume ya Haki za Binadamu zote zilieleza jinsi vyombo vya dola vilivyopewa taarifa na visichukue hatua ya kutosha. Mstari wako wa miaka uwe na safu ya pili, ya maonyo: nani alionya, tarehe gani, alimwandikia nani, na jibu lilikuwa nini. Safu hiyo ndiyo itakayomfaa msomaji wa kesho kuliko sura nzima kuhusu macho ya mchungaji.

Mtafiti mwenyewe naye ni mwili. Kusikiliza kanda za watoto wanaolia, kusoma taarifa za maiti, kuongea na mama wa marehemu asubuhi na mwingine jioni, ni mzigo usiobebwa peke yake. Panga kazi hiyo mchana, usiifanye kitandani, uwe na mtu wa kuzungumza naye asiyekuwa sehemu ya utafiti. Ukianza kuona majina kama namba, simama wiki moja.

Wakati wa kuandika na baada yake

Katika makaburi ya Evergreen, Oakland, wamezikwa zaidi ya watu 400 wa Jonestown ambao hawakutambuliwa au hawakuchukuliwa na jamaa. Mwaka 2011 yaliwekwa pale mabamba manne ya mawe yenye majina ya wote 918, na jina la Jim Jones limo. Baadhi ya wafiwa walikasirika: jina la muuaji kando ya majina ya watoto! Wengine walisema naye alikufa siku ile na orodha ya waliokufa haiwezi kuwa na pengo. Wewe pia utalazimika kuamua majina yakae wapi katika kitabu au makala yako. Amua baada ya kuzisikia pande zote mbili, kisha mweleze msomaji umeamua nini na kwa sababu gani.

Wape waliohojiwa nafasi ya kusoma au kusomewa sehemu inayowahusu kabla haijachapishwa, kwa lugha wanayoielewa. Makosa ya jina la baba, jina la kijiji au mwaka wa ubatizo warekebishe. Wakikataa tafsiri yako ya jambo, si lazima uifute. Weka kauli yao karibu na yako. Picha za maiti usizitumie. Picha za watu wakiwa hai omba ruhusa, na uchague zile wanazopenda wenyewe: harusi, kwaya, mtoto wa kwanza, timu ya mpira wa kikapu ya vijana wa Jonestown waliokuwa Georgetown siku ile na kwa sababu hiyo wakanusurika.

Mwisho, kanda na nakala zako zisibaki kwenye simu. Kubaliana na kila familia kwa maandishi nani ataruhusiwa kuzisikiliza na baada ya miaka mingapi, zikabidhi kwa maktaba ya chuo au nyaraka za taifa zenye utaratibu wa kuzifunga, na kila aliyehojiwa apewe nakala yake. Weka pia anwani ya kupokea masahihisho. Orodha ya waliokufa Jonestown iliendelea kusahihishwa kwa miaka mingi baada ya 1978, jina kwa jina, kwa sababu jamaa walijua pa kuandikia.